Jiko la makaa lisilale chumba kimoja na watu

BARIDI ya Nairobi huanza kuuma mwezi wa Juni na huendelea hadi Agosti. Nyumba zetu nyingi hazikujengewa kifaa cha kuzipasha joto. Kwa hivyo jiko la makaa likishamaliza kupika huingizwa chumba cha kulala, mlango na madirisha yakafungwa. Kuna watu waliolala hivyo na hawakuamka.

Wengi hudhani kwamba hatari ya jiko ni moshi. Huliwasha nje, wakangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha wakaliingiza ndani bila wasiwasi. Lakini makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hata makaa yaliyofunikwa jivu huendelea kuitoa.

Hudhuru vipi? Damu hubeba oksijeni kwa kutumia himoglobini. Kaboni monoksidi hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo ubongo na moyo hukosa hewa ingawa mtu anapumua.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Ni rahisi kudhani ni malaria. Ukiona watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa na kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku jiko. Aliyelala huenda asihisi lolote. Walio hatarini zaidi ni watoto, wazee, wagonjwa wa moyo, na waja wazito pamoja na mimba zao.

Katika nchi za baridi kali kama Kanada, kuna nyumba zinazopashwa joto kwa maji moto yanayopita kwenye mabomba chini ya sakafu, na nyingine kwa hewa moto inayopulizwa vyumbani. Pale ambapo joto hilo hutokana na moto wa gesi au mafuta, moto huwaka ndani ya mtambo wake na hewa chafu hutolewa nje kwa bomba. Wanaolala hawapumui hewa ya moto huo. Jiko letu halina bomba.

Mwenye stima anaweza kuacha jiko na kutumia hita. Hita ya wati 2,000 hula yuniti 2 za stima kwa saa moja, kwa hivyo washa kabla ya kulala, kisha uizime unapopanda kitandani. Iweke angalau mita moja kutoka kwa kitanda, pazia na neti ya mbu. Usianike nguo juu yake, na ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kuongezea uliojaa vyombo vingine.

Asiye na stima atumie mfuko wa mpira wa maji moto uliofungwa kwa kitambaa, soksi, sweta na blanketi za kutosha. Ikiwa lazima jiko liwashwe ndani jioni, acha mlango na dirisha wazi, na ulitoe nje kabla ya yeyote kulala. Meko ya gesi pia isitumiwe kupasha chumba joto.

Ukimkuta mtu amezirai penye jiko, fungua milango na madirisha, mtoe nje haraka na umkimbize hospitali. Usimnyweshe maziwa wala maji, kwani yanaweza kumpalia. Anachohitaji ni oksijeni. Mweleze daktari kwamba kulikuwa na jiko chumbani, maana asipojua anaweza kutibu ugonjwa mwingine.

Usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, hakikisha jiko liko nje.