Chembe ya damu hujuaje kazi yake?

Aliyesoma habari za ukimwi amesikia kuhusu chembe za T, zile chembe nyeupe za damu ambazo virusi vya maradhi hayo huzivamia. Ni wachache wanaouliza askari hawa wa mwili hutoka wapi. Mengi tunayoyajua tumefunzwa na panya wa maabara.

Mwaka wa 1961 jijini London, Jacques Miller aliwatoa panya wachanga tezi ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo. Wakati huo wengi waliidhania haina kazi. Panya hao walidhoofika na kushikwa na maradhi ovyo, na hata walipobandikwa ngozi ya panya wengine miili yao haikuikataa. Walinzi hawakuwepo.

Chembe changa hutoka katika uboho wa mifupa na kusafiri hadi kwenye thaimasi zikiwa bado hazijaamua zitakuwa nini. Kila moja ina jeni zote, mithili ya nyumba yenye nyaya za stima kila chumba. Suala ni taa zipi zitawashwa. Swichi ya kwanza huitwa Notch1, nayo hubonyezwa na chembe za thaimasi yenyewe. Mwaka wa 1999 wachunguzi walipoiharibu katika panya, chembe za T hazikutokea. Ndani ya thaimasi walikuta chembe za B, zile ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili.

Hata hivyo, kwa siku kadhaa chembe bado yaweza kubadili nia. Anayefunga mlango ni jeni nyingine, Bcl11b. Kila chembe ina nakala zake mbili, ya baba na ya mama. Mwaka wa 2018 wataalamu wa Marekani walitia kila nakala rangi yake, manjano na nyekundu, wakashangaa: katika chembe nyingi nakala moja huamka siku kadhaa kabla ya mwenzake, ingawa zote zimo katika chumba kimoja.

Kwa mzazi aliye na mtoto mgonjwa haya si mambo ya panya tu. Mwaka wa 2004 iligunduliwa kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa saratani ya damu inayotokana na chembe za T wana hitilafu katika Notch1: swichi imekwama, taa haizimiki. Dawa za kuizima zilijaribiwa, lakini matumbo nayo hutumia swichi za jamii hiyohiyo, na wagonjwa wakaharisha vibaya.