Je, Wajua? Barabara ya Kifo Sasa ni ya Baiskeli

Malori mengi yalihamia barabara mpya, na Barabara ya Kifo ya Yungas, nchini Bolivia, ikabaki uwanja wa waendesha baiskeli za milimani. Safari huanza La Cumbre, takriban mita 4,650 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi ya kung'ata, na kuteremka zaidi ya kilomita 60 hadi joto la msituni karibu na Coroico. Mateka wa vita kutoka Paraguay walitumikishwa kuijenga barabara hii miaka ya 1930. La ajabu: Wabolivia huendesha kulia, lakini hapa anayeteremka hushika kushoto, ukingoni mwa korongo, ili dereva aone gurudumu lake la nje. Mkenya au Mtanzania atajihisi nyumbani, mpaka achungulie chini! Kagua breki, miguu haitakuwa na kazi kubwa.