Kimondo cha Mbozi: tunakipita kila siku kwa basi

Msikilizaji, wengi wetu tumepanda basi la Tunduma kwenda Mbeya mara nyingi, lakini hatujawahi kushuka Mbozi twende kijiji cha Ndolezi kukiona kimondo. Wageni wanakifuata kutoka ng'ambo.

Watu hukiita jiwe. Si jiwe. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Ukitaka kuhakikisha, beba sumaku ya spika mbovu ya redio uone itakavyonasa. Kina urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 hadi 16.

Wenyeji walikifahamu kabla mpima ardhi William Nott hajakitangaza mwaka 1930. Wakati huo ulionekana mgongo tu. Udongo ukachimbwa pembeni, ndiyo maana leo unaweza kukizunguka chote.

Swali tunaloulizwa sana: shimo la kuangukia liko wapi? Halionekani. Huenda kilianguka zamani mno, mvua na udongo vikalifukia, au kilibingirika kutoka kilipogonga.

Utaona pia alama za msumeno, pale watu walipokata vipande. Kipande kikitoka hakioti kingine, kwa hiyo piga picha, gusa, lakini tindo acha nyumbani.

Kutoka barabara kuu bodaboda zinafika. Uliza nauli kabla hujapanda.