Tela la ng'ombe wa udhiya: tulichague kwa jicho la amana



Kila unapokaribia mwezi wa Dhul-Hijja, kamati za misikiti hubeba kazi tatu: kukusanya mafungu ya udhiya, kununua ng'ombe mnadani, na kuwafikisha ng'ombe hao msikitini wakiwa wazima. Kazi mbili za mwanzo hujadiliwa katika vikao, na ya tatu huachiwa dereva. Hapa Chitete, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyo mezani kwetu hivi sasa. Tela la kuvutwa na trekta tunalolitumia limechakaa na mbao za sakafu zimeoza, hivyo waumini wametaka lipatikane jipya. Wengi wanauliza bei. Ni swali la haki, lakini kabla yake liko swali la sharia.

Fungu la familia saba

Udhiya ni ibada yenye masharti. Katika hadithi ya Al-Baraa bin Aazib (r.a.) imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alitaja wanyama wanne wasiofaa: chongo wa dhahiri, mgonjwa wa dhahiri, kilema wa dhahiri, na aliyedhoofu kupita kiasi. Ng'ombe mmoja huwatosheleza watu saba, na kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi awe ametimiza miaka miwili na kuingia wa tatu. Basi ng'ombe anayevunjika mguu njiani huyagusa majumba saba, na huenda miongoni mwake limo la mjane aliyeweka akiba ya fungu lake kidogo kidogo tangu mwaka uliopita.

Aidha, katika aya ya 3 ya Surat Al-Maida, miongoni mwa wanyama walioharamishwa wametajwa waliokufa kwa kipigo, kwa kuporomoka na kwa kupigwa pembe, isipokuwa yule aliyewahiwa kuchinjwa angali hai. Anayejua namna ng'ombe wanavyorundikwa garini ataona kwamba mambo hayo matatu huweza kutokea katika safari moja.

Hapa ndipo kamati inapoingia. Waliotoa mafungu wameifanya kuwa wakala wao. Wanazuoni wa fiqhi wameeleza kuwa wakala ni mwaminifu: kikiharibika kitu mkononi mwake halipi, ila iwapo amevuka mipaka au amezembea. Ng'ombe akipatwa na aibu baada ya kuainishwa kwa udhiya, suala hilo lipelekwe kwa shekhe lipate ufafanuzi wake. Lakini aliyempakia kwenye sakafu ya utelezi, huku akijua kuwa inateleza, atapata taabu kudai kwamba hakuzembea. Kwa hiyo tela tutakalolichagua ni sehemu ya namna tunavyoitunza amana.

Sakafu kabla ya rangi

Mnunuzi wa tela aanze kwa kuinama na kutazama sakafu. Ng'ombe husafiri akiwa amesimama, na kwato zake ni ngumu na laini kwa chini. Bati tupu likilowa mkojo hugeuka kuwa barafu kwake. Akiteleza mmoja, wenzake humkanyaga. Sakafu njema ni ya mbao nene au bati lenye vinundu, iliyopigiliwa vipande vya kukinga kwato kwa upana wa tela, na yenye matundu ya kutolea maji. Juu yake itandazwe michanga au pumba za mpunga, ambazo katika wilaya yetu inayolima mpunga hazina uhaba.

Matundu hayo yana faida nyingine. Tela la msikiti hubeba pia mahindi, viti na mikeka. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, samadi na mkojo wa ng'ombe ni najisi. Tela lisilooshwa likatakata litaihamishia najisi hiyo kwenye mikeka ya kuswalia.

Kuta, mlango na kipandio

Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake. Kila kinachopita kando ya tela humshtua. Profesa Temple Grandin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, aliyetumia miaka mingi kuchunguza tabia za mifugo, ameonyesha kuwa kuta zilizozibwa humtuliza ng'ombe, na kwamba mnyama husita kuingia mahali penye giza. Tela lizibwe sehemu ya chini na liachwe wazi juu, ili ng'ombe apate hewa na mwanga. Kusiwe na ncha za chuma wala misumari kwa ndani.

Kipandio kisiwe na mwinuko unaozidi nyuzi 20 hivi, na kiwe na vizuizi vya kukinga kwato. Palipo na kipandio kizuri fimbo hupungua, na kupungua kwa fimbo ndiko kunakoafikiana na mafundisho ya Mtume (s.a.w.), aliyeamrisha ihsani kwa mnyama hata wakati wa kumchinja.

Ihsani hiyo huonekana hadi jikoni. Ng'ombe aliyepigwa huwa na nyama iliyovilia damu, nayo hukatwa na kutupwa. Aliyehangaika muda mrefu huishiwa nguvu iliyohifadhiwa katika misuli. Nyama yake huwa nyeusi, hukakamaa na kuharibika upesi. Familia isiyo na jokofu ndiyo ya kwanza kupata hasara hiyo.

Hesabu ya nafasi

Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2005 zinampa ng'ombe wa kilo 325 hivi nafasi ya mita za mraba 0.95 hadi 1.30. Ng'ombe wetu wenye nundu wengi hawazidi uzito huo. Basi tela lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 2 litabeba ng'ombe sita hadi wanane. Kumi na wawili ni dhuluma. Nafasi ikizidi sana nayo ina madhara, kwani breki ikishikwa ghafla ng'ombe hukosa pa kuegemea. Tela liwe na lango la katikati la kupunguza nafasi na kuwatenga madume wenye kupigana.

Ng'ombe wanane wa kilo 300 ni kilo 2,400, bila uzito wa tela lenyewe. Muulizeni fundi kama ekseli na matairi yanahimili mzigo huo. Muulizeni pia kuhusu breki, kwa kuwa matela mengi ya trekta hayana. Wilaya yetu ina miinuko na ina bonde linaloteremka kuelekea Ziwa Rukwa. Kwenye mteremko, tela lisilo na breki huisukuma trekta kutoka nyuma. Mnyororo wa usalama uwepo, ili pini ikikatika tela lisiachane na trekta.

Kununua au kukodi

Msikiti unaochinja ng'ombe wawili kwa mwaka hauna haja ya kununua. Ukodi gari linalofaa na kulikagua kwa vigezo hivi hivi. Msikiti wenye ng'ombe wengi na wakulima wa kulikodi wakati wa mavuno unaweza kununua, na hapo ni vyema tela liwekwe waqfu kwa maandishi: nani analitunza, kodi yake inaingia mfuko gani, na fedha ya matairi inatoka wapi. Mali ya wote isiyo na maandishi huzaa ugomvi.

Sheria za nchi nazo zizingatiwe. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 zinahusu safari hii, na kibali cha kusafirisha mifugo kitafutwe kwa ofisa mifugo kabla ya kupakia. Safari iwe alfajiri kabla ya jua kali, na ng'ombe wafike siku moja au mbili kabla ya Idi, wapumzike na kunywa maji.

Ndugu zangu wanakamati, siku ya kulikagua tela twende na fundi, mfugaji mzoefu na mmoja wa waliotoa mafungu. Tupande wenyewe kwenye kipandio, tusimame juu ya sakafu iliyomwagiwa maji, kisha ndipo tuulize bei. Allah atuwafikishe kuzitunza amana za waja wake na atutakabalie udhiya zetu. Amin.