Jua na Sumu ya Shambani: Tuanzie Kwenye Chupa

Jimbo la Almería, kusini mwa Hispania, limefunikwa na takriban hekta 30,000 za vitalu nyumba vya plastiki vinavyolisha Ulaya nyanya na pilipili hoho. Chupa za viuatilifu zinazotumika huko, kabla ya kusagwa ili plastiki yake itumike tena, sharti zioshwe, na maji hayo ya kuoshea ni machache lakini makali mno. Mwaka 2004 kiwanda kimoja mjini La Mojonera kilianza kuyasafisha kwa jua. Naamini kazi hiyo ndiyo inayoifaa zaidi teknolojia hii, kuliko ndoto ya kusafisha mito mizima.

Maji huongezwa tindikali, chumvi ya chuma na haidrojeni peroksaidi, kisha pampu huyazungusha ndani ya mirija ya kioo iliyolazwa juu ya vibamba vya kuakisi mwanga. Jua likiyapiga, huzuka haidroksili, chembe zisizodumu hata sekunde moja, lakini humega karibu kila molekuli ya kikaboni zinayokutana nayo. Mkaa wa kuchujia huinasa sumu tu, kisha mkaa wenyewe huwa taka. Hapa sumu yenyewe huvunjwa.

Wapo wanaosema jua halitoshi, na kwa dioksidi ya titani, kichocheo kingine kinachoendeshwa na jua, wana hoja. Kichocheo hicho, kilichopata umaarufu baada ya utafiti wa Wajapani Fujishima na Honda wa 1972, hutumia mionzi ya urujuanimno pekee, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Chumvi ya chuma, kwa upande wake, hunufaika pia na sehemu ya mwanga tunaouona. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kiuatilifu kikivunjika nusu, vipande vyake huweza kuwa na sumu zaidi kuliko chenyewe. Ni kweli, ndiyo maana haitoshi kupima kama kiuatilifu kimetoweka. Hupimwa kaboni yote iliyobaki, hadi maji yafikie hali ambayo bakteria wanaweza kuyamalizia bila kudhurika. Mtoni mambo hubadilika: sumu imetawanyika, tope huzuia mwanga, na haidroksili nyingi huishia kwenye uchafu mwingine.

Kwa wakulima wa maua wa Naivasha au Arusha, basi, hatua ya kwanza ni karo la kukusanyia maji ya kuoshea madumu na mabomba ya kupulizia, kabla hayajafika mtaroni.