Neno la juma hili: KUGANDA



Asubuhi ya baridi huko Butembo ao Bukavu, mama muuzaji wa mafuta ya mawese anakuta yameganda ndani ya chupa. Anainamisha chupa, hakitoki kitu. Lakini hayatupi. Anaiweka juani, ao ndani ya beseni la maji ya moto, na mafuta yanaanza kutiririka tena.

Kuganda ni kitu cha majimaji kushikamana hata kisitiririke tena. Maziwa yakiganda tunapata mashanza. Kule Masisi wanayagandisha, wanayakamua maji yake, yanakuwa jibini. Na watu wa Goma wanatembea juu ya moto ulioganda, ule uliomwagika toka Nyiragongo mwaka 2002.

Basi kuganda kwenyewe si kubaya. Damu ikiganda juu ya kidonda, inaokoa. Ikiganda ndani ya mshipa, inaweza kuua. Ayubu, katika mateso yake, anamkumbusha Mungu kwamba alimuumba kama maziwa yanayogandishwa kuwa jibini (Ayubu 10:10). Hapo kuganda ni kazi ya Muumba: kitu kisicho na umbo kinapata umbo.

Lakini kuna kuganda kunakoletwa na baridi. Ndugu yako alikukosea juu ya shamba. Mwanzo ulilia, ulisema, ulikasirika. Sasa hulii tena. Mkikutana njiani unamwambia “Jambo” na kupita, nawe unafikiri umekwisha kusamehe. Jichunguze vizuri. Pengine hukusamehe; umeganda tu. Moyo uliosamehe unatiririka: unauliza habari za watoto wake, unakwenda kilioni kwake.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 3, unaonya juu ya ugumu huo wa moyo, na dawa unayoonyesha ni waamini kutiana moyo siku kwa siku. Ni kweli, maana mafuta hayajipashi moto yenyewe. Lazima mtu ayapeleke juani.

Juma hili, kama umeganda, mtafute mzee ao mama wa kanisa, umweleze, muombe pamoja, kisha mwende wote kwa yule ndugu. Na kama unamjua mtu aliyeganda, usimtupe. Mafuta yake hayajaharibika.

Mungu awabariki.