Magamba na Mafuta katika Ngozi ya Mbwa

Mbwa mwenye magamba meupe mgongoni, manyoya yaliyogandamana kwa mafuta na harufu nzito si mgeni katika mitaa ya Mbagala wala ya Bunju. Watu husema tu kwamba ana ukurutu, kisha humfukuza. Wataalamu huiita hali hiyo seborea. Lakini jina hilo, kama jina homa, hutaja dalili tu, wala halielezi kiini chake.

Na tuitazame ngozi yenyewe. Chembe hai za tabaka lake la juu huzaliwa chini, husukumwa juu, hufa na kupukutika. Katika mbwa mwenye afya safari hiyo huchukua siku 21 hivi. Katika seborea ya kurithi huweza kwisha kwa siku 8 tu. Chembe hutoka kabla ya kukomaa, zikiwa zimeshikamana kwa mafuta, nazo ndizo magamba tuyaonayo.

Aina hiyo ya kurithi, hata hivyo, ni ya mbegu chache za kigeni, kama Cocker Spaniel. Mbwa wetu wa mchanganyiko kwa kawaida huwa na kisa kingine: viroboto, utitiri wa upele, au ulaji wa ugali mtupu usio na mafuta wala zinki ya kutosha. Ngozi inayowashwa huharakisha kuzaa chembe, na matokeo hufanana. Kisha huingia kuvu aitwaye Malassezia pachydermatis, apendaye mafuta na unyevu, vitu ambavyo pwani yetu haina uhaba navyo. (Kuvu huyu alitambuliwa mwaka 1925 katika ngozi ya kifaru wa Bara Hindi, ndiyo maana jina lake lamaanisha "mwenye ngozi nene".)

Wako wanaompaka mnyama oili chafu ya gari. Sioni udhuru wa tendo hili. Oili huchoma ngozi, mbwa huilamba ikamdhuru ini, na utitiri aina ya Demodex, uishio ndani ya vishimo vya nywele, husalia.

Daktari wa mifugo hukwangua ngozi na kutazama ukwanguo kwa hadubini. Kuvu huonekana kama punje ndogo za karanga. Akiona utitiri aina ya Sarcoptes, huuliza pia kama watoto wa nyumbani wanajikuna, kwa kuwa huo huwarukia watu. Dawa ya kuoshea yenye salfa huachwa mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Ikisuuzwa mara moja, haifanyi kazi.